Kikombe chenye Uzi wa Kijani

Kwenye kona ya mtaa wa mafundi, kati ya duka la cherehani na ukuta wa ghala, pana benchi refu la mbao ambalo watu wamelikalia mpaka likang'aa. Mguu wake mmoja umelegea na umeegemezwa tofali. Mbele yake Mama Birika huweka jiko la mkaa, birika lake jeusi, beseni la kusuuzia, na vikombe vyeupe vya namna moja ambavyo havina mwenyewe: anayemaliza anasuuza, anayefuata ananywea. Sheria hiyo haikutungwa na mtu, ila imeshikwa kuliko nyingi zilizotungwa. Kila alasiri, jua likishavuka paa la ghala, hapo ndipo kesi za dunia hukatwa, na hakuna aliyewahi kusikia kesi hata moja iliyokatwa hapo ikakatika.

Siku hiyo kesi ilikuwa ya Seremala.

Benchi lenyewe ni kazi ya mikono yake. Mwaka uliopita alitolewa karakanani amelazwa juu ya mlango aliokuwa akiupiga randa, watu wanne wakiubeba, na mtaa ukaujua ugonjwa wake kama mitaa inavyojua mambo, bila kuambiwa. Kijiweni walimzika kwa maneno kabla ya wakati. Walisema alikuwa mtu wa watu, Mungu ampe wepesi, na kahawa ikaendelea. Hakuna aliyekwenda kumtazama. Sasa Seremala alikuwa amerudi. Karakana ilikuwa wazi, randa ilisikika, na asubuhi alikuwa amepitisha salamu kwamba jioni atakuja kunywa kahawa na wenzake.

Tangu asubuhi salamu hizo zilimkaa Bwana Pindo kifuani kama pini iliyosahauliwa kwenye nguo.

Bwana Pindo ndiye mwenye duka la cherehani. Mgane wa mwaka mmoja, mtu wa sala, msema polepole. Akianza sentensi wenzake huwahi kusuuza kikombe kabla hajaimaliza. Jina hilo alipewa kwa sababu hata akiwa kijiweni mkononi mwake hamkosi suruali anayoipinda. Wenzake walimjua kwa hayo. Wasilolijua ni kwamba ndani ya droo ya cherehani, chini ya nyuzi, kulikuwa na kopo la vidonge, na kwamba alivimeza kila jioni miaka yote aliyokaa nao benchi moja.

Marehemu mkewe alivimeza vilevile. Yeye alitangulia kupima, akatangulia kuanza, akanawiri upesi. Alipoondoka, aliondoka kwa shinikizo la damu, na waliomzika hawakudanganywa. Mume ndiye aliyechelewa. Siku damu yake ilipochukuliwa mara ya kwanza, kinga ilikuwa imebaki kidogo mno. Tangu hapo virusi vilizimwa hata havikuonekana tena kwenye vipimo, lakini kinga yenyewe ilipanda kama mtu mwenye goti bovu apandavyo ngazi. Ikafika mahali, ikakaa kitako. Nesi alimwambia wapo watu wa namna hiyo, na wengi wao ni wale walioanza dawa wamechelewa. Ameze, asiache, aishi. Naye akaishi.

Mkewe alizoea kumuuliza, huku akimpa maji ya kumezea: "Unawaficha nini watu unaokunywa nao kahawa?" Naye alizoea kujibu kwamba Msitiri ni Mungu.

Baada ya mke kuondoka, mtaani alibaki mtu mmoja tu aliyejua. Mwezi ule Seremala alipoanza kutembea kwa fimbo, walikutana kwenye dirisha la dawa. Bwana Pindo, yeye asiyesema upesi, alisema upesi kwamba amemsindikiza shemeji yake. Hapo hapo nesi akatoa kichwa dirishani: "Fundi, kopo lako hili, na ile suruali ya mume wangu usiisahau." Seremala akatazama pembeni, akaanza habari za mvua. Hakulitaja jambo hilo tena, siku ile wala nyingine.

Redio ndiye aliyefungua kesi. Redio hutengeneza redio na simu mlango wa pili, na jina alilipata kwa kuwa hutangaza hata akiwa amezimwa.

— Nimemwona kwa macho yangu. Shingo imejaa, mashavu yamerudi. Mtu aliyekuwa anapimwa na udongo leo yeye anapima mbao. Sasa nani atanieleza?

— Ni askari, alisema Jenerali.

Jenerali hulinda lango la ghala. Jeshini hakuwahi kwenda, ila ana koti lenye vifungo vya shaba, na kila kitu duniani, hata ndoa, hukieleza kwa vita.

— Mwilini mna askari. Virusi haviwapigi kwa nje. Vinaingia ndani ya askari mwenyewe, vinavaa gwanda lake, vinazaliana humo humo. Dawa inakuja inafunga milango. Ndipo askari waliobaki wanapata nafasi ya kuongezeka. Ndiyo maana wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Jembe limeingiaje? aliuliza Redio.

— Subiri. Litaingia.

Redio alisema yeye alisikia kwamba askari hao huzaliwa ndani ya mifupa, na ndiyo sababu mtu mwenye mifupa minene hupona upesi. Jenerali akakubali mifupa, ila akasema kambi ya mafunzo iko hapa, nyuma ya kidari, na mtu akizeeka kambi hufungwa, ndipo wazee hupewa askari wa zimamoto. Mama Birika alikuwa anapepea jiko. Ukuta wa nyumba yake unapakana na wa Seremala, na mambo mengi yalikuwa yamempitia ukutani.

— Mbona alipoanza dawa alizidi kuumwa? Mwanzoni kule. Mkewe alikuwa analia, namsikia.

— Hapo ndipo jembe linaingia, alisema Jenerali. Askari walirudi kambini wakakuta pamejaa vibaka. Kifua kikuu, sijui nini, wote walijilalia humo kwa kuwa hapakuwa na mlinzi. Basi wakaanza kufyatua risasi humo humo ndani. Mwenye nyumba ataacha kuumia?

Bwana Pindo alichoma kidole. Nesi alikuwa amemweleza karibu vilevile, ila bila jembe.

Redio hapendi kushindwa, akatafuta kubwa zaidi.

— Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Mnaona? Wazee walijua habari za kinga kabla ya hospitali. Ndiyo maana homa yake ilikuwa kali.

— Kinga hiyo ni kijinga cha moto, baba, alisema Mama Birika. Kuni.

— Na kuni si mbao? Basi tumerudi kwa Seremala.

Hapo akajenga nadharia ambayo Jenerali mwenyewe alinyoosha miguu kuisikiliza. Mti ukikatwa huchipua. Mtu aliyevuta vumbi la mti maisha yake yote, vumbi hilo limekwenda wapi? Limeingia kwenye damu. Kwa hiyo askari wapya wa Seremala ni wa mbao, na kirusi kikiuma mbao kinavunjika meno. Kama ni hivyo, Jenerali akasema, basi mchwa ndio wa kuogopwa. Wakacheka. Bwana Pindo naye alicheka, akacheka zaidi yao kidogo, kama alivyojizoesha kucheka kila jambo hilo lilipotajwa, halafu akainamisha kichwa kwenye suruali.

Ndipo Mama Birika akauliza, bila kumtazama mtu:

— Akija, nimmiminie kwenye kikombe kipi?

Kila mmoja alitazama vile vikombe vyeupe kana kwamba vimewekwa pale sasa hivi.

Redio alikuwa wa kwanza kusema kwamba inajulikana, imeshatangazwa, ugonjwa huo hauambukizwi kwa kikombe. Wote wakasema ndiyo, inajulikana. Wakasema tena. Na bado hakuna aliyesema basi ammiminie kwenye chochote. Jenerali akafungua kifungo kimoja cha koti.

— Tuliangalie kwa upande wake yeye. Askari wake bado wachache. Sisi hapa tuna mafua, tuna vikohozi, Redio ana jino linalonuka. Si yeye atakayetudhuru. Sisi ndio tutamdhuru. Kikombe chake peke yake si kumtenga. Ni ulinzi.

Ungewaona walivyopumua. Ilikuwa kama watu waliosimama mbele ya tope, mara mmoja akaona pa kukanyagia. Redio akasema hiyo ndiyo akili, mcheza kwao hutunzwa. Mkono wa Mama Birika ulikuwa umeshachagua kikombe kimoja na kukiweka kando.

Bwana Pindo alisimamisha sindano. Katika benchi lile, yeye ndiye aliyekuwa na ushahidi. Kinga yake haijawahi kufika hata nusu ya inavyotakiwa. Ilikuwa chini siku ya kwanza alipokaa hapo, na haikupanda sana baadaye. Na vikombe ni hivi hivi, na mafua ni haya haya, na jino la Redio ni lile lile. Kama kikombe cha watu kingeua, yeye angekuwa amezikwa zamani, pengine kabla ya mkewe. Neno moja tu lingetosha.

— Watu husema, alianza. Wakamngoja. Watu husema kikombe hakina neno, hata kwa upande huo wake.

— Watu gani? aliuliza Redio. Haikuwa kwa ubaya. Ila alimtazama, na Jenerali akamtazama, na Mama Birika akaacha kupepea.

— Nasikia tu, alisema Bwana Pindo.

— Basi usichosomea usikitetee. Hebu tupe uzi, fundi, tukitie alama kisije kikachanganyika.

Alikuwa na kigurudumu cha uzi wa kijani mfukoni, wa kushonea sare za shule. Angeweza kusema hana. Angeweza kuwapa uzi wafunge wenyewe. Lakini mkono wa fundi ukitajiwa uzi huwa umeshatoka. Akakichukua kile kikombe, akazungusha uzi kwenye kishikio chake mara mbili, akapiga lile fundo lake dogo bapa ambalo huwa analificha ndani ya pindo, akakata ncha kwa meno. Likawa fundo zuri. Hata yeye aliliona kuwa zuri, na hilo ndilo lililomchoma.

Seremala alitokea kwenye kona, vumbi la mbao kwenye nyusi. Hakuwa na fimbo. Wote wakasimama kwa pamoja, jambo ambalo kijiweni halifanyiki, na salamu zikawa nyingi kuliko watu.

— Karibu, kaka. Karibu sana. Tulikuwa tunakutaja sasa hivi.

— Kwa heri au kwa shari?

— Kwa heri tupu.

Kwanza aliinama, akautikisa mguu wa benchi.

— Tofali hili nani kaliweka? Mguu unataka gundi na msumari. Kesho nitakuja nao.

Wakampisha akae katikati, wakampisha zaidi ya inavyohitajika, mpaka Redio akawa amekalia nusu. Mama Birika akamimina. Seremala alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na alipotaka kunywa kidole chake kikagusa uzi. Akakigeuza kikombe. Akavitazama vile vingine mikononi mwa watu, kimoja baada ya kingine, na havikuwa na uzi. Kisha dole gumba lake likalipapasa fundo taratibu, kama anavyopapasa mbao kutafuta palipobaki mkwaruzo. Koti lake la kazi lilikuwa na mfuko ulioshonwa kwa fundo kama hilo. Mtaa mzima una mtu mmoja tu afungaye hivyo.

Hakuuliza. Jenerali ndiye aliyeona haja ya kujibu. Akaeleza askari, akaeleza kambi, akaeleza milango iliyofungwa na vibaka waliojilaza, na kwamba wao hapo wote ni wachafu na yeye ndiye wa kulindwa, na kwamba mtu na ndugu yake ndivyo walivyo. Alieleza vizuri. Kadiri alivyoeleza vizuri ndivyo sauti ilivyomshuka, mpaka mwisho ikawa ni kama anamweleza birika.

Seremala alimsikiliza hata akamaliza.

— Nimeelewa. Askari wangu ni wachache. Ni kweli, nesi amenihesabia, wanapanda lakini bado. Nyinyi wenu ni wangapi?

Alikuwa anauliza tu. Sauti yake haikuwa na hila. Ungedhani anauliza hali za nyumbani.

Redio alikohoa, halafu akajuta kukohoa. Jenerali akakifunga tena kile kifungo cha shaba. Mama Birika akatazama mkaa. Hakuna kati yao aliyewahi kuingia kwenye mlango ambao watu huhesabiwa. Walikuwa wamelinda kambi ya mwenzao alasiri nzima, na zao hawakujua kama zina mtu.

Mmoja alijua. Bwana Pindo aliijua hesabu yake ya mwaka huu, na ya mwaka jana, na ya mwaka wa kwanza. Alikuwa ameshika suruali asiyoipinda. Akangoja Seremala amgeukie, maana ingekuwa haki yake kugeuka. Seremala aliwatazama wote, mmoja mmoja, akamruka yeye. Na akamruka kwa upole, kama mtu anavyoruka mahali palipolala mtoto. Bwana Pindo angependa zaidi kupigwa kofi.

— Haya, alisema Seremala. Kahawa ni nzuri, mama. Niliikumbuka.

Akainywa yote. Akainuka, akakisuuza kikombe mwenyewe kwenye beseni, halafu hakukirudisha kwenye sinia penye wenzake. Alikiweka mwisho wa benchi, peke yake, mahali walipotaka kiwe, akasema gundi yake itakauka, akaenda zake. Walimwona akipumzika kidogo penye nguzo kabla ya kuvuka barabara.

Redio, ambaye hajawahi kuzimika, alizimika. Baadaye Jenerali akasema mtu amepokea vizuri, hakuna ubaya.

Bwana Pindo alikuwa anamkumbuka marehemu mkewe na lile swali lake la kila jioni. Miaka yote alikuwa akimwomba Mungu sitara, na Mungu akamsitiri kwa nguo pana, isiyo na tundu. Leo yeye mwenyewe amechomoa uzi kwenye nguo hiyo hiyo akamfungia mwenzake, ili mwenzake aonekane. Na yule aliyefungiwa, mwenye kila sababu ya kumvua nguo mbele ya watu, amemwongezea kitambaa. Ni sala gani atakayokwenda kuisali leo, na ataanzia wapi?

Akanyoosha mkono, akakichukua kile kikombe cha mwisho wa benchi.

— Mama Birika, nimiminie.

— Bwana Pindo, umekosea. Hicho cha Seremala.

— Nimiminie humu.

Mama Birika alimtazama, kisha akainamisha birika. Likatoka tope la kahawa kidogo, likatoka tone, halafu hakikutoka kitu.

— Imekwisha, fundi.

Alikaa nacho mkononi. Hata kwa hilo alikuwa amechelewa. Kisha akakipeleka kinywani, akanywa lile tope, midomo yake ikiwa pale pale ilipokuwa ya mwingine. Na akiwa hajakishusha, akalitafuta lile fundo kwa meno, kama anavyofanya kila siku ya Mungu bila kufikiri, akalikata. Uzi akauchomeka kwenye ukosi wa shati. Akakisuuza kikombe, akakirudisha kwenye sinia katikati ya vile vingine. Hapo hapo hakikujulikana tena ni kipi.

— Fundi, alisema Redio kwa sauti ndogo. Huogopi?

Bwana Pindo alianza kusema, polepole kama kawaida yake, nao wakamngoja.

— Mimi wangu hawajafika nusu. Miaka yote hii. Na vikombe ni hivi hivi.

Mama Birika alifunika jiko. Jenerali akafungua vifungo vya koti lake, kimoja kimoja. Ng'ambo ya barabara randa ilikuwa imeanza tena, ikisimama kila baada ya muda mfupi ili mwenye nayo avute pumzi. Neno lile lilistahili kusemwa mwenye kikombe akiwa bado ameketi. Bwana Pindo alilijua hilo kuliko wote.

Akaiacha suruali kwenye benchi, sindano ikiwa ndani yake, akainuka, akavuka kuelekea kwenye sauti ya randa. Na benchi, lilipopungukiwa na uzito wake, likayumba upande wa tofali pamoja na wote waliobaki juu yake.